Namna Tulivyokaribia Kuishinda Ng'ambo

Jamhuri ya Chapakazi haimo kwenye ramani uliyochora shuleni, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, hayo ni macho yako. Mimi nimezaliwa hapo, nimezaa hapo, na kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi Wizara ya Pilikapilika, Idara ya Takwimu, chumba namba sita, kile ambacho dirisha lake halifungi. Nina stashahada ya takwimu. Imetundikwa sebuleni juu ya friji, na mama yangu ndiye aliyekuwa akiipangusa vumbi kila Ijumaa. Namtaja mama mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza linamhusu yeye, na mimi sipendi kuzungukazunguka.

Upande wa pili wa mto wetu kuna nchi nyingine. Ina jina refu la kiserikali, lakini sisi tunaiita Ng'ambo. Wao nao wanatuita hivyo hivyo.

Miaka ishirini na miwili iliyopita wakubwa wa nchi hizi mbili walikutana darajani, wakala, wakapiga picha, kisha wakagundua hawana cha kutia saini. Wakaamua nchi zishindane. Mpira ulikataliwa kwa sababu mara ya mwisho uliishia kwa mawe. Wakachagua kiwango cha ushiriki katika nguvukazi. Jina ni zito lakini jambo lenyewe ni jepesi. Chukua watu wote wenye miaka kumi na mitano na kuendelea. Katika kila mia, hesabu wangapi wanafanya kazi au wanatafuta kazi. Basi. Asiyefanya na asiyetafuta anabaki ndani ya mia lakini hakusaidii kitu. Anakushusha.

Tangu hapo, kila mwezi wa tisa, meza huwekwa katikati ya daraja, miguu miwili kwetu na miwili kwao, na kila nchi huleta karatasi yake.

Wizarani tuna chati inayojaza ukuta. Mstari mwekundu ni sisi, wa buluu ni wao. Mwaka wa kwanza wao walikuwa themanini na nane, sisi themanini na moja. Baadaye wa buluu ukaanza kuteremka. Vijana wao wakawa wanakaa shuleni mpaka wanaota ndevu. Wazee wao wakaruhusiwa kustaafu. Wanawake wao wakijifungua wanapumzika mwaka mzima, na hakuna anayewauliza lolote. Waziri wetu, Mheshimiwa Ngurumo Sangalali, alikuwa akija mbele ya chati na fimbo ndefu, anaufuata mstari wa buluu unavyoshuka, na kusema, "Tazameni! Taifa zima linasinzia!"

Mwaka mmoja nilitumwa Ng'ambo kwenda kuhakikisha. Nikamkuta kweli mzee amesinzia, saa nne asubuhi, kwenye kiti cha kuegemea, gazeti limemfunika uso. Nikaandika kwenye ripoti: hali ni mbaya sana.

Tulichohitaji ni kukaa palepale tulipo, tuwasubiri washuke watupite. Tatizo ni kwamba mstari wetu nao ulikuwa unashuka. Kwetu hakuna aliyestaafu wala aliyebaki shuleni. Watu walikuwa wamechoka kutafuta. Mtu akitafuta kazi miaka mitatu asipate, siku moja huamka, huvaa viatu, halafu huvivua. Siku hiyo hiyo, kwa mujibu wa kitabu chetu cha taratibu, anaacha kuwa mshiriki. Wao walipofika sabini na tisa, sisi tulikuwa sabini na saba. Hatukuwa tumewahi kuwashinda hata mwaka mmoja.

*

Dawa ya kwanza ilikuwa Dirisha la Jumatano. Hiyo haikutoka kwangu.

Kila wilaya ilitoboa dirisha kwenye ukuta wa ofisi yake. Kila Jumatano, raia yeyote asiye na kazi alitakiwa apite hapo, aulize, "Kuna kazi?" Karani ajibu, "Hakuna. Rudi Jumatano." Kisha agonge mhuri kwenye kadi. Mwenye mhuri ametafuta kazi, na aliyetafuta kazi ni mshiriki. Hakuna nchi iliyowahi kufikiria jambo rahisi kiasi hicho. Foleni zilikuwa ndefu hata wenye kazi wakaanza kuacha kazi zao ili wasikose mhuri. Mume wangu aliondoka kwenda kutafuta kazi makao makuu, na dirisha la huko lina mihuri mizuri zaidi, ya rangi mbili. Huu ni mwaka wa nne. Anahesabiwa kila mwaka.

Mama yangu naye alipelekwa. Anaitwa Bi Msimu, alikuwa na miaka sabini na moja. Alisimama foleni tangu asubuhi, Shomari wangu wa miaka miwili mgongoni, Tunu wa miaka sita kamshika pindo la khanga.

"Kuna kazi?" akauliza.

"Hakuna. Rudi Jumatano."

Mama akamtazama yule karani kwa huruma. "Hakuna kabisa? Maskini. Basi njoo nyumbani kwangu, mwanangu, ipo tele. Kuna nguo zimelowekwa, kuna mahindi hayajapukuchuliwa, na huyu mgongoni ameshanilowesha."

Foleni nzima ikacheka. Karani akamwandika kuwa amedhihaki dirisha la serikali, akanyimwa kadi. Kwa hiyo mama akarudi kuwa asiyefanya na asiyetafuta.

*

Dirisha lilitupandisha kidogo, tukafika sabini na nane na nusu. Pakabaki pengo jembamba. Ndipo Waziri akashuka mwenyewe hadi chumba namba sita, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama.

"Mama Tunu," akasema, "nimeambiwa wewe ndiye pekee humu uliyekisoma kitabu cha taratibu mpaka mwisho."

"Nimekisoma, Mheshimiwa."

"Taifa linakuuliza. Tumeshawahesabu wanaofanya. Tumeshawahesabu wanaotafuta. Tuwapandishe vipi tena?"

Hakuna aliyenilazimisha kujibu. Ningeweza kusema sijui, akaondoka, nikarudi kwenye kiti changu. Lakini nilikuwa najua, na mtu anayejua ana kiherehere chake.

"Mheshimiwa, si lazima kuwaongeza wa juu. Unaweza kuwapunguza wa chini."

"Endelea."

"Ukurasa wa arobaini na tatu, tanbihi ya saba, chini kabisa. Wanaoishi katika taasisi hawaingizwi kwenye hesabu. Wafungwa, wagonjwa waliolazwa, watawa. Hawahesabiwi kuwa wanafanya, hawahesabiwi kuwa hawafanyi. Wanatoka kwenye mia."

"Taasisi ni nini?"

"Mahali penye geti, kengele, na kanuni zilizobandikwa ukutani."

"Na nini tena?"

"Kitabu kinaishia hapo, Mheshimiwa."

Waziri alitoa leso, akajifuta macho. Sijatia chumvi. Alisema tangu aapishwe hajawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Akaniahidi kwamba mwezi wa tisa nitakaa mezani darajani, kulia kwake, na jina langu litaandikwa kwenye kibao.

Katika miezi mitatu zikafunguliwa Nyumba za Heshima tisa, za kuwaweka wazee wasiofanya wala wasiotafuta. Zote zilikuwa vinu vya zamani vya kuchambulia pamba, kando ya mto. Kila moja iliwekwa geti la chuma lenye ngao ya taifa, kengele ya shaba, na ubao wa kanuni kumi na moja. Ukuta wa nyuma haukuwapo, ulikuwa umeanguka tangu pamba ilipokufa, lakini mhandisi alipouliza kama aujenge, akajibiwa kwamba tanbihi haikutaja ukuta. Basi mbele pakawa na geti lenye mlinzi na bunduki, na nyuma pakawa na mto, ambao kiangazi unafika magotini.

Waziri alizindua kwa hotuba ya saa mbili. "Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaopotosha kwamba tunawaondoa wazee wetu. Uongo! Wazee tunawaondoa katika hesabu tu. Katika mioyo yetu wataendelea kuwamo bila kuhesabiwa!" Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana maneno ya "kuondoa katika hesabu" yalitoka kwenye waraka wangu.

*

Fomu zikaja majumbani. Kanuni, ambayo pia niliiandika mimi ili kuokoa muda, ilisema mkuu wa kaya ndiye anayejibu kwa niaba ya wote. Kwangu mkuu wa kaya ni mimi. Nilikaa mezani jikoni, kalamu mkononi. Mama alikuwa sakafuni anapeta mchele, Shomari amelala kwenye mkeka ubavuni mwake.

"Umeniandika nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Nimeandika unapumzika, mama."

Akasimamisha ungo. "Napumzika lini?"

"Ni lugha ya fomu."

"Nauliza hiyo lugha ya fomu inasema napumzika saa ngapi, ili nijue, nikapumzike."

"Mama, kazi ya nyumbani kwako mwenyewe haihesabiwi. Ndivyo ilivyo dunia nzima. Sikuitunga mimi."

"Kama haihesabiwi, kwa nini ukirudi ukikuta haijafanyika unaiona?"

Niseme sasa kile ambacho sikumwambia Waziri, wala mkurugenzi wangu, wala mama. Kila Jumapili mama alikuwa anawasuka nywele binti za jirani yetu, Mama Sikudhani, na kwa kusuka huko alikuwa analetewa kilo ya sukari. Kitabu kinasema anayefanya kazi ya ujira walau saa moja kwa wiki ni mfanyakazi. Kusuka vichwa vitatu ni saa nne. Kulikuwa na mstari mtupu kwenye fomu, wa kutosha kuandika "msusi". Neno moja tu, na mama angekuwa mfanyakazi, angebaki nyumbani.

Lakini waraka ulisema walioshauri mpango watangulie kwa mfano. Mkurugenzi alishaniuliza, "Una mzee kwako, Mama Tunu?" kwa sauti ya mtu anayejua. Na kile kibao chenye jina langu nilishakiona, kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nikauacha ule mstari mtupu. Nikatia saini.

Gari lilikuja Jumatatu. Mama alikuwa amefunga khanga mbili, mswaki na ungo. Nikamwambia ungo hautahitajika, kule kila kitu kipo.

"Mimi nitauhitaji," akasema. Kisha akaniambia dawa ya kikohozi ya Shomari iko nyuma ya kopo la chumvi, na kwamba Tunu anadanganya kuhusu kupiga mswaki, nimnuse. Hakulia. Ningependa angelia, ningepata nafasi ya kumtuliza.

*

Wiki ile ya kwanza nilichelewa kazini mara nne. Uji uliungua. Tunu alikwenda shule na kiatu kimoja chake na kimoja changu. Shomari aliamka kila alfajiri akienda kugonga mlango wa chumba cha mama, anagonga, anasubiri, anagonga. Nguo zilizolowekwa zikanuka. Wiki ya pili nilimwomba ruhusa mkurugenzi nibaki nyumbani siku tatu, na kwenye daftari la idara nikaandikwa: hayupo, sababu za kifamilia, anapumzika.

Nilicheka peke yangu jikoni kwa sauti, mpaka Tunu akaja kuniangalia.

"Mama, Bibi atarudi lini?"

"Baada ya mwezi wa tisa."

"Alifanya kosa gani?"

"Hakufanya kosa."

"Sasa mbona yuko kwenye geti?"

Mtoto wa miaka sita, na hana stashahada. Nilimwambia akapige mswaki.

Sikwenda kumtembelea. Kanuni ya tatu ya Nyumba ya Heshima ilikataza wageni kabla ya matokeo, wasije wakaleta kazi. Ningeweza kuomba kibali, maana kanuni ile niliihariri mimi. Sikuomba. Nilikuwa naogopa ataniuliza swali.

*

Mwezi wa tisa tukaenda darajani. Nilikaa kulia kwa Waziri, nyuma ya kibao changu. Upande wa pili wa meza alikaa mtakwimu wao, Bi Zamoyoni, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulikuwa tumefahamiana miaka mingi, tunasalimiana kwa macho.

Waziri akasoma yetu. "Sabini na tisa nukta sita!" Bendi ikapiga. Ng'ambo mwaka uliopita walikuwa sabini na tisa nukta mbili, na kila mwaka wanashuka. Tulishashinda. Waziri akaanza kulia mapema.

Bi Zamoyoni akasubiri bendi imalize. "Themanini nukta moja," akasema, kama anataja namba ya nyumba.

Waziri akaishusha leso yake.

"Haiwezekani," Waziri akasema. "Ninyi mnasinzia! Tuna ripoti!"

"Wetu wamesinzia kama kawaida, Mheshimiwa," akajibu Bi Zamoyoni. "Ila mwaka huu tumepata wapya." Akasukuma jedwali kuvuka katikati ya meza. Nililivuta mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Wakazi wapya, miaka sitini na zaidi: elfu tatu mia tisa na mbili. Wanaofanya kazi: elfu tatu mia tisa na mbili.

Sisi tulikuwa tumewatoa kwenye mia wazee elfu tatu mia tisa na arobaini. Nilifanya hesabu haraka. Walibaki thelathini na wanane. Hao baadaye nilijua ni wale wa magongo.

Wengine walikuwa wametoka kwa nyuma. Walinzi walikuwa mbele getini wakiwazuia watu wasiingie. Kila asubuhi kengele ya shaba ilipopigwa, wazee walipandisha nguo magotini na kuvuka kwenda kuchambua maharage, kusuka mikeka, kuchoma matofali, na baadaye wakaona kurudi ni usumbufu.

"Mliwahesabuje?" nikamwuliza Bi Zamoyoni kwa sauti ya chini. "Mkuu wao wa kaya alikuwa nani?"

"Sisi hatumwulizi mkuu wa kaya, dada. Tunamwuliza mwenyewe." Akatabasamu kidogo. "Kuna karani wangu alirudi anacheka. Alimwuliza bibi mmoja, wiki iliyopita umefanya kazi walau saa moja? Bibi akamjibu, 'Mwanangu, saa moja ndiyo ninayolala mchana. Hizo nyingine uandike zote.'"

Nilishuka na kidole kwenye jedwali mpaka kwenye kazi zenye watu wachache. Kulea watoto, mwanamke, miaka sabini na moja: mmoja. Takwimu za Ng'ambo hazitaji majina, na kwa huyu sikuhitaji jina.

Waziri alisimama akatangaza kwamba wazee wa taifa wametekwa nyara na adui. Jioni hiyo iliundwa kamati ya ukuta wa nyuma. Mpaka leo kamati hiyo iko safarini, inatazama kuta za nchi nyingine. Mimi kibao changu nilikibeba nyumbani. Tunu anakitumia kukatia vitunguu.

*

Jumatano iliyofuata niliwachukua watoto, nikaingia Nyumba ya Heshima kwa kitambulisho cha wizara, nikapita mbele ya kanuni kumi na moja, nikatokea nyuma, nikavua viatu, nikavuka. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilikuwa nimepanga mambo ya kubeba: ndoo, mkeka, nguo zake.

Nilimkuta kwenye shule ya watoto wadogo, chini ya paa la bati, amevaa aproni ya kijani yenye mfuko. Alikuwa amekaa kwenye benchi, ungo wake mapajani, watoto wa Ng'ambo kama ishirini wamemzunguka wakila uji. Shomari alimwona kwanza. Alikimbia, akagonga goti lake kama alivyokuwa akigonga mlango, na safari hii ukafunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia miguu iliyolowa. "Umekonda. Unaunguza uji."

"Naunguza."

"Tunu, njoo." Akamnusa mdomo. "Hajapiga."

Watoto wakagombea kijiko, akawaamua bila kugeuka. Hapa alikuwa anaanza saa moja na kutoka saa nane, aliniambia, na Ijumaa hafanyi kazi. Ijumaa ya kwanza hakujua aifanye nini, akaenda kukaa kwenye kiti cha kuegemea cha mwenye nyumba, akaamka jua limezama.

"Mama," nikasema, "nyumba imenishinda. Watoto wanakuulizia. Nimekuja turudi."

"Umekuja kutafuta mama," akauliza, "au umekuja kutafuta mlezi?"

Mimi ni mtu wa kusema lililopo, na lililopo lilikuwa aibu. Nilifungua kinywa nimwambie ni mama. Nikakumbuka ule mstari mtupu kwenye fomu.

"Vyote viwili," nikasema. "Na ile fomu, mama. Ningeweza kuandika msusi. Nilijua."

"Najua ulijua. Nilikuwa sakafuni, sikuwa kipofu. Niliona kalamu ilivyosimama."

Alichota uji kwenye bakuli, akanipa, akaningojea mpaka nimemaliza, kama alivyokuwa akiningojea nikisomea ile stashahada. Akalipokea bakuli. Kisha akajiweka sawa kwenye benchi, akainyoosha aproni yake, na kunitazama kwa uso wa karani.

"Haya. Uliza."

Nilielewa. Nikasimama wima mbele yake, viatu mkononi, watoto ishirini wa watu wakinitazama.

"Kuna mama?" nikauliza.

"Hakuna," akasema Bi Msimu. "Rudi Jumatano."

Watoto nilimwachia mpaka jioni. Na kila Jumatano tangu hapo navuka, nanyweshwa uji kwanza, halafu nauliza. Kwenye daftari la idara, siku hiyo naandikwa: hayupo, anatafuta. Ndilo jambo la kweli pekee lililomo.